Hojaji haikuonyesha tofauti: je, umiliki wa familia hauathiri ujasiriamali?

SWALI: Nimekusanya hojaji kutoka kampuni 80, 40 za familia na 40 zisizo za familia. Nimetumia maswali tisa ya watafiti Covin na Slevin (1989) ya kupima mwelekeo wa kijasiriamali, yenye kipimo cha 1 hadi 7, nikapata wastani wa kila kampuni na kulinganisha makundi kwa jaribio la t (kipimo cha kitakwimu cha tofauti kati ya wastani mbili). Tofauti haikuonekana. Niandike kwamba umiliki hauna athari?

JIBU: Usiandike hivyo. Ulichopata ni kwamba wastani haukutofautiana, na wastani huo ndio unaonitia shaka.

Maswali yale tisa yamegawanyika matatu matatu: ubunifu, kuwatangulia washindani, na kuthubutu kuingia kwenye hatari. Chukua kampuni ya familia yenye 4 kwenye ubunifu, 6 kwenye kutangulia na 2 kwenye kuthubutu. Iweke kando ya nyingine yenye 4, 4 na 4. Zote mbili zina wastani wa 4, lakini anayezifahamu hawezi kusema zinaendeshwa kwa namna moja. Rudi kwenye data, kokotoa alama tatu kwa kila kampuni, na kagua alfa ya Cronbach (kipimo cha kiasi ambacho maswali ya kundi moja yanakubaliana) kwa kila kipengele peke yake.

Kwenye kuthubutu ndiko utakakohitaji umakini zaidi, kwa sababu lazima ujiulize: kuhatarisha nini? Meneja wa kuajiriwa huhatarisha cheo na sifa yake. Familia huhatarisha mali, jina, na usemi wake ndani ya kampuni, na mara nyingi usemi huo huwekwa mbele ya faida. Gómez-Mejía na wenzake (2007) walichunguza vinu 1,237 vya familia vya kukamulia mafuta ya zeituni kusini mwa Hispania. Kujiunga na ushirika kungepunguza hatari ya kufilisika, ila familia ingepoteza udhibiti. Familia nyingi zilichagua kubaki peke yao. Watu hao hao ni waoga au ni wathubutu? Ni yote mawili, inategemea kilichowekwa rehani.

Swali la jumla kuhusu "miradi yenye hatari kubwa" haliwezi kunasa jambo hilo. Ongeza maswali ya uamuzi halisi: mngekubali mkopo unaompa mkopeshaji kiti kwenye bodi? Mngeuza asilimia 30 ya hisa kwa mtu wa nje ili mpanuke? Mngeweka faida ya miaka mitano kwenye mradi usiolipa kabla ya mwaka wa kumi? Kwa kawaida familia hukataa mawili ya kwanza, na katika la tatu huweza kumshinda meneja anayepimwa kila robo mwaka.

Ubunifu nao utenganishe fedha zinazoingia na matokeo yanayotoka. Uchambuzi wa Duran na wenzake (2016), uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kuwa kampuni za familia hutumia fedha kidogo zaidi kwenye ubunifu lakini huvuna zaidi. Ukiyachanganya hayo mawili, moja hufuta jingine.

Halafu angalia uliziitaje "za familia". Ikiwa mwasisi anamiliki kila kitu na hakuna ndugu yake hata mmoja kwenye uongozi, hiyo ni kampuni ya mwasisi. Itoe kwenye kundi au iundie kundi lake, la sivyo huenda ikapandisha alama. Kigezo cha kamati ya wataalamu ya Umoja wa Ulaya (2009) kinafaa: familia iwe na wingi wa haki za uamuzi, na angalau mwanafamilia mmoja ashiriki rasmi katika uongozi. Kwa kampuni zilizo kwenye soko la hisa, asilimia 25 ya haki hizo inatosha. Rekodi pia kizazi kinachoongoza, umri wa kampuni, idadi ya wafanyakazi na sekta, uviingize kwenye rigresheni (uchambuzi unaotenganisha athari ya kila kigezo na ya vingine).

Sampuli yako ni ndogo pia. Kwa 40 kila upande, jaribio lenye uwezo wa asilimia 80 (yaani nafasi ya 80 kati ya 100 ya kuiona tofauti iliyopo) hugundua tofauti ya takriban 0.63 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) au zaidi; kugundua 0.5 unahitaji 64 kila upande.

Kama muda unaruhusu, pata mjibuji wa pili katika kila kampuni, na kwenye zile za familia awe mkuu wa idara asiye ndugu. Alama zake za kuthubutu zikiwa chini ya za mwenye kampuni kwa pointi mbili, ripoti pengo hilo kama tokeo.