Mtama wa mbegu za uyoga unaooza hata baada ya kuchemshwa

Ndugu, umeuliza kwa nini mtama unaouotesha uyoga ili uwe mbegu unaoza ingawa uliuchemsha kwa muda wa saa mbili kwenye pipa lisilo na presha. Muda huo hautoshi. Ute na harufu ya kuchacha uliyoiona siku ya tatu kwa kawaida ni bakteria wa jamii ya Bacillus. Hawa wakibanwa na mazingira hujifungia ndani ya spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi lenye kiini kikavu, na nyuzi 100 wanazivumilia. Kama uko Nairobi, hata hiyo 100 huipati, maji huchemka kwenye 94 hivi.

Tafuta sufuria ya presha ya psi 15 (psi ni kipimo cha presha), ambayo usawa wa bahari ni nyuzi 121. Kwa spora nyingi, kila nyuzi 10 unazoongeza hupunguza muda wa kuua karibu mara 10, kwa hiyo hizo 21 ni zaidi ya mara 100.

Wengi hukosea hapa: kabla ya kufunga vali, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10. Mvuke ukigusa chupa za mtama hugeuka maji na kuachia joto jingi mno. Hewa haifanyi hivyo. Ikibaki ndani, geji ya presha itasoma 15 na mtama wa katikati bado haujapata joto la kuua spora.

Loweka mtama usiku kucha, kisha upe dakika 90. Nyanda za juu, ongeza muda.