Malipo ya wanamichezo na usajili wa futiboli ya vyuo vya Marekani
Je, kulipwa kwa wanamichezo wa vyuo kumeviachia vyuo vigogo vipaji vyote vya futiboli ya Kimarekani (si soka, bali ule mchezo ambao mpira hushikwa na kurushwa kwa mikono)? Hapana, hakujaviachia. Malipo yamebadilisha zaidi namna ya kusajili. Tangu 2021, mwanamichezo aliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na mwaka huohuo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipomruhusu kuhama chuo kwa mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima, kocha hamtegemei tena kijana wa sekondari pekee, bali humfuata pia mchezaji aliyekwisha kukomaa kwingine. Kwa mfano, Oktoba 2024 timu ya chuo cha Vanderbilt, ambayo haikuwa imeifunga Alabama, mojawapo ya vyuo vigogo, tangu 1984, iliishinda 40-35, huku mpira ukirushwa na Diego Pavia, aliyehamia kutoka chuo cha New Mexico State. Wanaoumia, kwa maoni yangu, na inasikitisha, ni vijana wa sekondari wa kiwango cha kati, ambao nafasi zao huchukuliwa na wanaohama, pamoja na vyuo vidogo vinavyolea wachezaji kisha vikanyang'anywa. Tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kulipa moja kwa moja, kwa ukomo wa takribani dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote, ingawa mikataba ya matangazo na kampuni za nje haihesabiwi humo.