Porsche 911 SC ya 1983 kuipa sura ya 911 ya 1973
Umeuliza kama SC yako ya 1983 inaweza kufanywa ionekane kama 911 ya 1973. Inawezekana kaka, tena SC ni chaguo zuri, ila usidhani ni kubadili bampa na kupachika mkia wa bata (spoila iliyoinuka) nyuma basi. Kuanzia modeli ya 1974 Porsche walifupisha boneti ili zile bampa kubwa za sheria za Marekani zikae, kwa hiyo utahitaji boneti ndefu, fenda za mbele za mtindo wa zamani na fundi anayejua kweli kuchomelea bamba la mbele, hapo ndo pesa inapoishia. Bodi ya SC imepakwa zinki ya kuzuia kutu, lakini hata hivyo fukua chini ya betri uangalie kutu kabla ya rangi. Injini ya lita 3 iache ilivyo, ngumu sana ile. Na bampa ulizotoa usiuze, mnunuzi wa kesho ataziulizia.