Naupenda wimbo, ila mstari mmoja unanichoma

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nina saluni ya kunyoa hapa Ngarenaro, Arusha. Nimekulia kwenye rege na hip hop ya Chuga. Mdogo wangu alianza bangi akiwa kidato cha pili, akaishia kusikia sauti. Sasa anatumia dawa za hospitali, ametulia, ndiye anayenifagilia nywele. Juzi mtoto wa miaka 9 niliyekuwa namnyoa akaimba mstari wa kusifia ndumu, yaani bangi, neno kwa neno. Mashine ikanisimama mkononi. Wimbo wenyewe naupenda mno. Je, mimi mnafiki?
Kinyozi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza. Mnafiki asingesimamisha mashine.

Muziki huo una kwao. Kwa Rasta wa Jamaika ganja ni ibada, na watu walifungwa kwa ajili yake miaka mingi kabla sheria ya huko haijalegezwa mwaka 2015. Hata mirungi, ukivuka Namanga kuingia Kenya ni zao la biashara. Ukirudi huku ni kosa. Na vijana wa Chuga wakitaja ndumu, mara nyingi wanasimulia maskani walikokulia. Wewe unayajua hayo. Mtoto wa miaka 9 anachosikia ni sifa tu, tena akiwa kwenye kiti cha kaka anayemheshimu.

Mimi hujiuliza: huyu ananisimulia maskani, au ananiuzia? Anayesimulia namsikiliza. Anayemwambia kijana kwamba asiyevuta si mwanaume simpi nafasi, hata biti iwe tamu vipi. Watoto wakiwa saluni, weka nyimbo nyingine.

Yule mtoto akirudi, mwambie yaliyowapata nyumbani, bila kutaja jina. Usimwambie kila avutaye huwa chizi. Atawaona wanaovuta wakipita wazima, akuone mwongo. Mwambie ukianza ungali mdogo, hatari ya kuugua akili huongezeka, na hakuna ajuaye mapema itampata nani.

Lakini kilichonikaa moyoni ni ule ufagio. Mdogo wako anausikia mstari huo kila siku ukipiga wimbo, ameinama anakusanya nywele, na katika barua nzima hukuniambia yeye anajisikiaje. Mwulize leo mkishafunga, mkiwa wawili. Huenda naye anaupenda kama wewe. Akisema uzimwe, uzime, hata mteja akinuna.