Mitihani ya CPA (cheti cha mhasibu wa kitaaluma): nipige pepa zote 6 kwa mkupuo?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina digrii ya uhasibu, nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, natoka saa 12 jioni ndo nianze safari ya Mbagala. Nataka CPA ya Novemba, je nikae pepa zote 6 za Intamidieti (ngazi ya kati) nimalizane nazo? Na usajili unaanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na usajili maana hapo ndo wengi wanakwama. NBAA, yani bodi ya wahasibu na wakaguzi inayotahini CPA, kuna hatua mbili na watu wanazichanganya, kwanza unasajiliwa wewe kama mtahiniwa, hapo wanakagua vyeti vyako na kukupangia ngazi ya kuanzia, afu ndo unajisajili kwa mtihani wenyewe, na hii ya pili unairudia kila msimu unaotaka kukaa, iwe Mei au Novemba. Ni onlaini, unapata kontroli namba unalipia kwa simu. Ila majina! Kama cheti cha fomu foo kina majina matatu na cha chuo mawili, au kuna herufi imerukwa, lishughulikie leo, sio uje uanze kutafuta wakili dirisha likiwa linafungwa.

Pepa 6? Hapana aisee. Ukishatoka kwenye foleni ya Kilwa Road unabaki na masaa mawili tu ambayo kichwa kinashika kitu. Mi ningechukua tatu, uhasibu na ukaguzi ziende pamoja maana zinasaidiana, ya tatu chagua mwenyewe.

Ukichagua kodi usisome noti za kurithi. Sheria ya Fedha inakuja mpya kila Julai 1, VAT ya 18% unaweza ukaikuta palepale lakini viwango vingine vimeshahama, so hakikisha msimu wako unatahiniwa kwa sheria ya mwaka gani. Na kwenye uhasibu, noti ikikufundisha mikataba ya ukodishaji kwa IAS 17, kiwango cha zamani cha kimataifa cha uhasibu, hiyo ni ya kabla ya 2019, wape wauza karanga wafungie, siku hizi kiwango ni IFRS 16.

Afu acha kusoma majibu huku unatikisa kichwa ukidhani umeelewa. Chukua pepa za nyuma za NBAA, weka simu mbali, andika kwa peni. Pepa ni masaa 3 maksi 100, yani swali la maksi 20 lina dakika 36 basi. Watu wanafia kwenye mahesabu ya kampuni mama na tanzu, mizania inakataa kubalansi, mtu anasaka tofauti ya laki mbili nusu saa nzima wakati maksi nyingi ziko kwenye wekingi, yani hesabu za pembeni zinazoonyesha umepataje namba, kama gudwili (ile ziada kampuni mama iliyolipa juu ya thamani ya mali za tanzu) na mgao wa wanahisa wachache, wale wenye hisa za tanzu nje ya kampuni mama. Zionyeshe wekingi zako vizuri, isipobalansi iache hivyohivyo, fungua swali lingine.