Kura za Maoni Zimeisha, Makundi Bado Yapo

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Dada, nilishika nafasi ya pili kura za maoni ndani ya chama 2025. Mpaka leo watu wangu na wa mwenzangu hawasalimiani. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe wake mara tatu. Ni habari yangu mwenyewe.

Mwaka 2020 nilitia nia ya udiwani. Nilipata kura 41, mwenzangu 48. Palepale tukaitwa mbele, tukashikana mikono, makofi yakapigwa, ikatangazwa kwamba makundi yamevunjwa. Nilitabasamu koo limenikauka. Kuna mjumbe aliniapia kwa mtoto wake mchanga aliyekuwa mgongoni kwamba kura yake ni yangu, na siku ya kupiga akakwepa macho yangu. Hilo bado linaniuma.

Miezi miwili baadaye mtaani kukatokea msiba. Naingia jikoni nakuta mafiga sehemu mbili: kina mama wa upande wangu wanapika chini ya mwembe, wa upande wa pili nyuma ya nyumba. Marehemu mmoja, wali masufuria mawili yasiyokutana. Mama mmoja akaninong'oneza, "Wale hatujawapa hata mwiko." Alidhani ananifurahisha. Nilishikwa na aibu, kwa sababu hata siku moja sikuwahi kuwaambia kwamba yameisha.

Mdogo wangu, mkishikana mikono jukwaani mmepatana ninyi wawili tu. Wapambe wanabaki na matusi waliyotukanana kwa ajili yenu. Na kwa kuwa sheria yetu Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, aliyeshindwa ama abaki ama ahame chama, hivyo hasira nyingi hubaki humo humo ndani. Kumbuka 2015. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, jina lake lilipokatwa Dodoma kwenye mbio za kugombea urais kwa CCM, wajumbe waliimba kwamba wana imani naye. Mwisho wa Julai akahamia upinzani, Chadema, na Machi 2019 akarudi CCM, akapokelewa kwa heshima kwenye ofisi ya chama Lumumba, Dar es Salaam. Kijana aliyegombana na baba yake kwa ajili ya safari ile ya Lowassa, nani alimpokea?

Kwa hiyo nenda mwenyewe. Usitume mtu, usitume ujumbe wa sauti. Lile grupu la WhatsApp lenye jina lako livunje leo. Langu nililiacha mpaka Januari, na kila siku kulikuwa na kejeli mpya kwa diwani, mimi nasoma na kunyamaza. Kunyamaza kwako wanakuhesabu kama ruhusa. Nenda nyumba kwa nyumba, waambie kwa mdomo wako: diwani wetu ni yule.

Mimi nilianza na yule mwenye mtoto. Nilimkuta anachambua mchele, nikavuta kigoda, tukachambua wote. Habari ya kura sikuigusa. Msiba uliofuata niliwahi alfajiri, nikaomba mafiga yawekwe sehemu moja, nikakaa kwenye moshi mpaka wali ukaiva.