Samaki wanahema juu ya maji baada ya kuosha tangi, niwape dawa gani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi niko Chikongola hapa Mtwara mjini, nina tangi la samaki wa urembo sebuleni, linaingia ndoo tatu za lita 20, lina kama mwaka hivi na lilikuwa na samaki wa dhahabu sita. Maji yalianza kuwa ya kijani, Jumamosi nikaamua nifanye usafi wa nguvu. Samaki nikawaweka kwenye beseni, maji nikamwaga yote, mawe na yale makombe tuliyookota na watoto ufukweni Shangani nikayasugua na sabuni ya unga, na sponji ya filta nayo nikaifua mpaka ikatakata, nikajaza maji ya bomba. Jumapili walikuwa wazima wanakula vizuri tu. Jumatatu jioni wakaanza kupanda juu wanahema, mapezi yana vimistari vyekundu, maji yana ukungu mweupe. Leo Jumatano wamekufa wawili. Jirani kaniambia nipasue amoksilini mbili nimwage humo, nimefanya jana ila sioni tofauti. Niendelee na dozi au kuna dawa nyingine? Na watoto wanalia wanataka wengine, ninunue lini?

JIBU: Marahaba dada, pole sana na poleni na watoto. Nianze na unachokisubiri: amoksilini acha leo leo, na usinunue dawa nyingine yoyote. Hao wanne wana nafasi nzuri tu ya kupona ila kazi iko kwenye maji, na kazi yenyewe inaanza usiku huu, usisubiri kesho.

Sasa nikwambie kwa nini nasema ni maji wakati sijawaona. Ugonjwa wa kuambukiza mara nyingi unaanza na mmoja, anajitenga, anaacha kula, siku mbili tatu mbele anafuata mwingine. Wako wameugua wote kwa pamoja siku ileile, hiyo karibu kila mara ni maji au hewa. Klorini ya bomba nayo nimeifikiria maana ulijaza maji ya bomba moja kwa moja, lakini klorini ikiwa nyingi inaonekana ndani ya masaa, ungewakuta wanahangaika Jumamosi ileile jioni, na wewe unasema Jumapili walikula vizuri. Hiki kitu kimejijenga taratibu kwa siku mbili, kinachojijenga hivyo kwenye tangi lililooshwa ni amonia.

Amonia inatoka kwa samaki mwenyewe, sehemu kubwa anaitoa kwenye mashavu kila anapopumua, na nyingine inatoka kwenye chakula kilichobaki na kinyesi. Mwaka mzima haikuwasumbua kwa sababu kwenye ile sponji walikuwa wanaishi bakteria wazuri, kundi moja linageuza amonia kuwa nitraiti na kundi lingine linageuza nitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia hata ikiwa nyingi kidogo. Ule uchafu wa kahawia uliokuwa unakuchukiza kwenye sponji ndo wao wenyewe, na ulipofua na sabuni uliwamaliza wote. Alafu na yale maji ya kijani, dada, yale ni mwani tu, sura yake mbaya lakini wenyewe unakula amonia, kwa hiyo siku moja umefukuza wafanyakazi wa zamu zote mbili. Watu wengi wanaonipigia simu kwa samaki kufa ghafla wameosha tangi juzi juzi, sijui kwa nini wauza samaki hawalisemi hili wakati mteja anatoa hela.

Na huku kwetu amonia inauma zaidi kuliko kwa mtu wa Iringa au Njombe. Amonia ikiwa majini iko katika sura mbili, moja haina shida sana na nyingine ndo sumu, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, yani kile kipimo cha ukali wa maji, 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, pamoja na joto. Maji yenye pH 7 kwenye nyuzi 25, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Ipeleke pH ifike 8 kwa joto hilohilo, sumu inakuwa kama asilimia 5, na sebule zetu msimu wa kaskazi maji yanafika nyuzi 29 au 30 kwa hiyo inapanda tena. Makombe ni chokaa, yanayeyuka pole pole na kuiinua pH. Kwa kawaida samaki wa dhahabu hana ugomvi na maji ya chokaa, sikukatazi makombe milele, ila kwa sasa yatoe yote, kwanza kwa sababu hiyo na pili kombe lina vitundu na mikunjo inayobaki na sabuni hata ukisuuza mara kumi. Sabuni inaondoa ule utelezi wa ngozi ya samaki na kuchoma mashavu yake.

Joto lina ubaya mwingine, maji ya moto yanashika hewa kidogo. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu tu, na huo ukungu mweupe unaouona ni bakteria wa aina nyingine waliozaliana kwa fujo baada ya wale kufa, nao wanaila hewa hiyohiyo. Yani samaki mashavu yameungua, hewa imepungua, ndo maana anapanda juu kutafuta ile tabaka ya juu kabisa.

Kama unataka kuhakikisha, chukua mmoja wa waliokufa kama bado yupo, mfunue mashavu kama unavyofanya ukinunua samaki Feri. Mashavu ya kawaida ni mekundu na vile vijinywele vimeachana vizuri. Ya amonia yanakuwa yamevimba, yamegandana, rangi imepauka au imeiva vibaya na yana ute mwingi. Yakiwa ya kahawia kama chai basi hiyo ni nitraiti, ambayo kwako naitegemea wiki ijayo, nitaisema hapo chini.

Usiku huu fanya hivi. Chakula simamisha kabisa, siku tatu mpaka nne bila kula samaki wa dhahabu hafi, mwambie na mdogo mwenye tabia ya kurushia mkate asirushe. Toa ndoo moja ya maji kutoka tangini, uyafyonze kwa mpira kutoka chini kwenye mawe kwenye uchafu, urudishe ndoo moja ya maji mapya. Kesho asubuhi tena ndoo moja, jioni ndoo moja. Baada ya hapo ndoo moja kila siku kwa wiki mbili, ukiona wamechangamka unapunguza iwe siku moja ndiyo siku moja hapana. Najua ni kazi, na kwa bei ya maji ni gharama pia, lakini hiyo ndo dawa yenyewe na hayo maji unayotoa mwagia mchicha au maua, ila ukishaanza kutia chumvi usimwagie tena.

Maji mapya yasitoke bombani yakaingia moja kwa moja. Weka ndoo wazi siku nzima, koroga mara kwa mara, klorini nyingi inaruka. Kwa usiku huu huna ya jana kwa hiyo yamimine kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara nyingi kwa kishindo, uyaache masaa kadhaa, si kamili kama ya kulala lakini ni bora kuliko kuwaacha kwenye sumu. Ukiwa na maji ya mvua safi yaliyovunwa kwenye simtanki unaweza kuchanganya nusu kwa nusu, usiweke ya mvua matupu maana hayana chokaa hata kidogo na pH inaweza kushuka ghafla. Maji yaliyotiwa vile vidonge vya kutibu maji ya kunywa usiyaguse, ile ni klorini hiyohiyo. Joto la ndoo lilingane na la tangi, tumbukiza mkono huku na huku usihisi tofauti.

Hewa: pampu iwake masaa 24. Umeme ukikatika usikae ukiangalia, chota na kikombe uinue juu umwage, chota umwage, dakika tano tano kila baada ya muda, watoto wakubwa wanaweza kupokezana. Pia ukishusha kina cha maji kidogo ili maji ya filta yadondoke kwa kelele, hewa inaingia zaidi. Tangi lisogeze mbali na dirisha, litapoa na huo mwani wa kijani utapungua wenyewe bila kusugua. Usitumbukize barafu. Kama una feni, ipulize juu ya uso wa maji.

Chumvi ndo kitu pekee nitakachokuruhusu uweke. Tumia chumvi ya mawe ya kawaida, tena sisi wa Mtwara na Lindi tuna mashamba ya chumvi hatuna sababu ya kutafuta ya boksi. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kidogo kwa kila ndoo ya lita 20, hiyo ni kama gramu moja kwa lita. Iyeyushe kwenye jagi nje, uimimine kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Ukibadilisha ndoo moja ya maji unarudishia kijiko kimoja tu cha hiyo ndoo, ila maji yakipungua kwa kukauka juani au kwa feni unajazia maji matupu, chumvi haikauki na maji, watu wanasahau hapo wanajikuta wana bahari. Na kuna mtu atakwambia uchote maji ya bahari hapo karibu, mwambie yana chumvi kama gramu 35 kwa lita na vijidudu vyake, hapana.

Kazi ya chumvi ni ile nitraiti. Bakteria wa kundi la kwanza wakirudi wataanza kugeuza amonia, lakini wa kundi la pili wanachelewa, kwa hiyo katikati nitraiti inajaa. Ikiingia kwenye damu ya samaki damu inashindwa kubeba hewa, atahema tena wakati wewe ulishafurahi kuwa amepona. Chumvi inaziba ule mlango kwenye mashavu ambao nitraiti inapitia. Ukiona wanahema tena wiki ya pili usikate tamaa na usirudi kwa jirani na amoksilini yake, rudi kwenye ndoo.

Kuhusu hiyo amoksilini nisimlaumu jirani, ndo mazoea ya huku, kuku akiumwa kapsuli, samaki akiumwa kapsuli. Shida ni kwamba hapa hakuna ugonjwa wa bakteria wa kutibu, ile mistari myekundu ni ngozi iliyochomwa na amonia. Na hata ungekuwepo, Aeromonas ambaye ni msumbufu mkubwa wa samaki wa maji baridi kwa asili yake hasikii amoksilini. Tetrasaiklini ambayo watu wanaipenda nayo kwenye maji ya chokaa inashikwa na chokaa inakosa nguvu. Unachopata ni kuchelewesha wale bakteria wazuri kurudi na kuzoesha vijidudu dawa nyumbani kwako.

Dawa ina wakati wake. Ukiona vidoa vyeupe vidogo vidogo vimetapakaa mwilini na mapezini na samaki anajisugua kwenye mawe, hiyo ni ich, kimelea, na inapenda kuja baada ya msukosuko kama huu. Hapo unapandisha chumvi taratibu kwa siku mbili mpaka vijiko vitatu kwa ndoo, unakaa nayo siku 10 mpaka 14 hata kama vidoa vimepotea siku ya nne, kwa sababu kimelea akiwa ndani ya ngozi hakuna kinachomgusa, anapigika akishatoka anaogelea kutafuta samaki mwingine. Kwa joto letu mzunguko wake ni siku chache tu. Magamba yakisimama na tumbo kuvimba, au pezi likiendelea kuliwa baada ya maji kutulia, hapo usikisie, mpeleke kwa mtu amwone. Tuna bahati Mikindani kuna chuo cha uvuvi cha FETA, nenda kaulize, na maabara ya mifugo ya TVLA iko hapahapa Mtwara.

Sponji usiioshe tena mwezi huu. Siku ukiiosha ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, mara mbili tatu inatosha, itoke bado chafu chafu. Kama unamjua mtu mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima, muombe kipande cha sponji yake ukiweke kwenye filta yako kikiwa kimelowa, kisikauke njiani. Bila hivyo hesabu wiki nne mpaka sita bakteria warudi. Vipimo vya matone vya amonia na nitraiti sijaviona madukani hapa, mtu akuagizie Dar vije na basi, vitakuokolea hela nyingi kuliko dawa.

Watoto waambie wasubiri hizo wiki sita. Na hata zikiisha, ndoo tatu kwa samaki wa dhahabu sita ilikuwa imebana, hao wanakua wanazidi kiganja cha mtu mzima, kwa hiyo wanne ulionao ni wengi tayari, usiongeze. Wakikulilia sana nunua tangi kubwa zaidi, siyo samaki.

Nijibu kitu kimoja kabla hujalala: sebuleni huwa mnapuliza dawa ya mbu? Ile ya kopo ni sumu kali kwa samaki hata kidogo sana, na pampu inavuta hewa ya chumba inaipeleka moja kwa moja majini. Kama mlipuliza Jumatatu jioni niambie, maana hapo badala ya ndoo moja usiku huu nitakutaka utoe mbili.